Aisifuye mvua imemnyea: historia ya maneno mafupi yaliyowasaidia walevi

Wiki hii zamu ya kuandika historia imenifikia mimi. Waliotangulia wameandika juu ya Lumumba, juu ya wafalme wetu wa zamani, juu ya vita vilivyotutoa kwetu. Mimi leo vita naviacha. Nataka kuandika juu ya maneno mafupi ya kutia moyo, yale tunayotumiana kwenye simu kila asubuhi na kuyachora kwenye kuta, na namna yalivyoanza kutumiwa kuwasaidia watu walioshikwa na pombe. Kwa nini? Kwa sababu yaya wangu ni mmoja wao, na mimi maneno hayo niliyatumia vibaya muda mrefu bila kujua.

Wengine mnajua habari yetu. Tulivuka mpaka pale Bunagana mwaka 2012. Yaya kichwani amebeba godoro, mkono mwingine amenishika mimi. Tukaletwa hapa Rwamwanja, kambi ambayo ilifunguliwa upya mwaka ule ule kwa ajili yetu Wakongomani. Yeye ndiye aliyelima mashamba ya watu ili mimi nipate ada, mpaka nikamaliza S4. Kwa hiyo msinielewe vibaya nikisema yaya ni mlevi. Simsemi kwa dharau. Ninayeandika hapa nasoma na kuandika kwa jasho lake.

Mwaka juzi sisi vijana wa kujitolea tulipewa makopo matatu ya rangi tupambe ukuta wa kituo. Mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri, basi nikaandika kwa herufi kubwa: UNAWEZA. USIKATE TAMAA. POMBE SI RAFIKI. Tulipiga picha nyingi sana ile siku. Jioni yaya akapita pale, amelewa, akasimama anasoma polepole. Nilidhani ameguswa. Kumbe alikuwa anacheka. Akaniambia: "Mdogo wangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Akaendelea na safari yake kwa mama muuza waragi.

Lile neno lilinikaa. Nikaanza kutafuta: hivi kuna mahali popote duniani ambapo maneno yamemsaidia mlevi kweli? Nimesoma kwa miezi mingi, kwa simu na kwa vitabu vya kuazima. Kumbe historia ipo, na ni ndefu. Na inampa yaya haki.

MEDALI ZA CORK

Nianze Ireland. Mwaka 1838, mwezi wa nne, katika mji wa Cork, padri mmoja Mkapuchini anayeitwa Theobald Mathew alisaini ahadi ya kuacha pombe kabisa, na akaanza kuwaalika watu wasaini pamoja naye. Nchi ilikuwa maskini na pombe ilikuwa nyingi. Watu walikuja kwa maelfu, wakapiga magoti kwa makundi, wakarudia maneno ya ahadi, wakapewa medali ya ukumbusho. Katika miaka michache walioahidi walihesabiwa kwa mamilioni. Hebu fikiria, ni nchi ambayo wakati ule ilikuwa na watu kama milioni nane tu.

Halafu mwaka 1845 viazi vikaoza shambani, ikaja ile njaa kubwa ya Ireland. Watu wakafa, wengine wakapanda meli kukimbia. Padri Mathew mwenyewe alifariki 1856, na ile harakati ikafifia. Wengi walirudi kwenye chupa.

Sisemi ahadi ilikuwa bure. Kuna nyumba zilipata amani kwa miaka kadhaa, na hilo si jambo dogo. Lakini tazama: mtu anaahidi maisha yake yote kwa siku moja, katikati ya umati, kwa padri ambaye kesho yuko mji mwingine. Kesho kutwa kiu ikimshika usiku, nani yuko naye? Ana medali tu mfukoni.

WALEVI SITA WA BALTIMORE

Miaka miwili baadaye, Marekani. Aprili 1840, katika mji wa Baltimore, wanaume sita walikuwa wanakunywa baani kama kawaida yao. Usiku ule palikuwa na mhubiri wa kupinga pombe mjini, na wengine wao wakaenda kumsikiliza kwa mzaha tu. Wakarudi wakiwa na mawazo. Wakaamua kuanzisha chama chao wenyewe cha kuacha pombe, wakakiita kwa jina la George Washington.

Jambo jipya lilikuwa hili: pale hakuna mhubiri aliyekuja kumfundisha mlevi. Mlevi alisimama akasimulia mwenyewe: nilikunywa hivi, nikapoteza hivi, nimeacha hivi. Aliyesikiliza alikuwa mlevi mwenzake. Chama kikaenea kama moto wa kiangazi. Hata Abraham Lincoln, akiwa bado mwanasheria kijana huko Springfield, alitoa hotuba kwao tarehe 22 Februari 1842, akawasifu kwa sababu hawakuwa wakilaani walevi.

Lakini haikuchukua hata miaka kumi, kikaisha. Waliingia kwenye mabishano ya siasa na ya sheria za kupiga pombe marufuku, wakajaa watu ambao hawakuwahi kuwa walevi, na mikutano ikawa ya kupiga makofi kuliko ya kusaidiana. Wazee wetu wana methali inayofaa hapa: aisifuye mvua imemnyea. Wale sita wa kwanza mvua iliwanyeshea. Waliokuja baadaye waliisifu tu kutoka ndani ya nyumba.

BILL HAHUBIRIWI, BILL HAHUBIRI

Sasa tufike kwenye kiini. Novemba 1934, New York. Mtu mmoja anaitwa Bill Wilson, aliyekuwa anafanya kazi ya soko la hisa, amekaa nyumbani kwake anakunywa. Kazi imekwisha, pesa imekwisha, anaishi kwa mshahara wa mke wake Lois, ambaye anauza dukani. Rafiki yake wa zamani Ebby Thacher anakuja kumtembelea. Bill anafurahi, amepata mwenzake wa kunywa. Anammiminia, Ebby anakataa. Ebby amekuwa mlevi wa kupindukia, wote wawili wanajua. Lakini siku hiyo macho yake ni meupe. Anamweleza Bill kwa kifupi alivyopata msaada kwenye kundi moja la dini, kisha anaondoka.

Mwezi uliofuata Bill akaingia hospitali kwa mara ya nne kwa ajili ya pombe, chini ya daktari William Silkworth. Alipotoka hakunywa tena mpaka alipokufa 1971.

Angalia sasa kilichofuata, maana hapa ndipo nilipojiona mimi mwenyewe. Miezi mitano mizima Bill alizunguka New York akiwahubiria walevi. Aliwaleta nyumbani, akawalisha, akawaambia maneno makubwa ya Mungu na ya nuru aliyoiona. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Hata mmoja! Dokta Silkworth akamwambia aache kuhubiri. Aanze kwanza na ugonjwa wenyewe, jinsi ulivyomtesa yeye. Na Lois akamkumbusha jambo moja: angalau wewe mwenyewe bado hujanywa.

Mimi nilipofika hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Miezi mingapi nimemtumia yaya maneno kila asubuhi? Picha ya jua linachomoza, chini yake maneno matamu. Yeye alikuwa anayafungua, zile alama mbili zinakuwa bluu, hajibu.

SIMU YA HOTELINI

Mei 1935 Bill akaenda mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara. Shughuli ikaharibika. Jumamosi jioni amesimama peke yake kwenye ukumbi wa hoteli, mfukoni hana kitu cha maana. Upande mmoja anasikia vicheko vya baa. Upande wa pili kuna simu na orodha ya makanisa. Akaenda kwenye simu. Akaanza kuwapigia watu asiowajua akiuliza: kuna mlevi yeyote hapa mjini ninayeweza kuongea naye?

Soma tena, ndugu yangu. Hakuomba mtu wa kumsaidia. Aliomba mlevi wa kumsaidia yeye kwa kuongea naye.

Kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei, akakutanishwa na Dokta Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa pombe. Dokta Bob alikuja kwa sababu mke wake alimsukuma, na alikuwa amesema atakaa dakika 15 tu. Alikaa zaidi ya saa tano. Alikuwa amehubiriwa na watu wengi sana maishani, wote wazuri, wote wasomi. Huyu alikuwa wa kwanza kuongea naye akijua kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe pombe ni kitu gani.

Na bado Dokta Bob alianguka. Wiki chache baadaye alisafiri kwenda mkutano wa madaktari, akalewa vibaya sana. Bill hakumfukuza. Alikaa naye mpaka siku ya kupasua mgonjwa, tarehe 10 Juni 1935, na asubuhi hiyo akampa bia moja atulize mikono afanye kazi. Hiyo ndiyo pombe ya mwisho ya Dokta Bob. Ndiyo siku wanayoihesabu mpaka leo kuwa mwanzo wa A.A., lile kundi la walevi wasiotaja majina yao. Dokta Bob aliishi bila pombe mpaka kifo chake mwaka 1950.

Niingize neno la tahadhari kabla sijasahau. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla peke yake anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata kifafa na kufa. Yaya mara ya kwanza alijaribu kukata hivyo, siku ya pili akaanguka akikakamaa mbele ya watoto. Majirani wakasema amerogwa. Tulimbeba kwa bodaboda mpaka kituo cha afya na muuguzi akatueleza kwamba ni mwili unadai kile ulichozoea, na kwamba dawa za kusaidia zipo. Kwa hiyo usimfungie mtu ndani. Mpeleke kwa wahudumu wa afya kwanza.

MANENO MADOGO YANAINGIA

Mwaka 1939, walipokuwa kama mia moja tu, wakatoa kitabu chao. Ndani yake kuna zile hatua 12 maarufu. Lakini kwenye sura inayozungumzia familia, wameweka pia misemo mitatu mifupi. Kwa Kiswahili chetu naweza kuisema hivi: la kwanza litangulie, ishi na uwaache wengine waishi, na polepole. Baadaye ikaongezeka mingine, mkubwa kuliko yote ukiwa ule wa siku moja moja, yaani leo tu usinywe, kesho haijafika. Vibao vya misemo hiyo vilitundikwa kwenye vyumba vyao vya mikutano, na vyumba vingi bado vinavyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mwanachama mmoja aliona kwenye gazeti la New York, katika tangazo la msiba, sala fupi ambayo inahesabiwa kuwa ya mchungaji na mwalimu wa teolojia Reinhold Niebuhr. Inaomba vitu vitatu: utulivu kwa yale usiyoweza kuyabadilisha, ujasiri kwa yale unayoweza, na akili ya kuyatofautisha. Ikachapwa kwenye vikadi vidogo vya kuweka mfukoni na kusambazwa kwa wanachama. Mimi kama mkimbizi sala hii naielewa bila kufundishwa. Vita vya kwetu siwezi kuvizima. Mlango wa nyumba yangu naweza kuufungua au kuufunga.

Kwa nini mafupi? Jibu ni rahisi. Mtu mwenye kiu ya pombe hana nafasi ya hotuba kichwani. Kiu inakuja kama wimbi, inapanda, na ukivumilia inashuka. Katika zile dakika za kupanda anahitaji kitu cha kushika chenye ukubwa wa mkono. "Maisha yangu yote sitakunywa" ni mzigo wa gunia mia. "Leo tu" ni kibaba. Na wahenga wetu walishasema haba na haba hujaza kibaba, wakasema tena polepole ndio mwendo. Wamarekani walitundika kwenye kibao kile bibi zetu walikuwa wanasema jikoni.

Lakini ufupi peke yake hautoshi, maana maneno yangu ya ukutani nayo yalikuwa mafupi. Tofauti ni nini? Nimeipata kwa sista mmoja.

BEJI YA SISTA IGNATIA

Sista Mary Ignatia Gavin alizaliwa Ireland, nchi ileile ya Padri Mathew. Alikuwa anafanya kazi ya kupokea wagonjwa katika hospitali ya St. Thomas huko Akron. Wakati ule hospitali nyingi zilikataa walevi. Agosti 1939 yeye na Dokta Bob wakamwingiza mlevi mmoja kwa kuandika kwamba anaumwa tumbo. Baada yake walikuja maelfu.

Mgonjwa alipokuwa anatoka, Sista alimpa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, na kumwekea sharti moja: ukitaka kunywa tena, kabla ya glasi ya kwanza, uniletee hii beji mkononi mwangu.

Umeona? Padri Mathew alitoa medali, Sista naye alitoa beji. Vitu vinafanana. Lakini medali ya Cork ilisema "uliahidi". Beji ya Akron ilisema "njoo kwanza unione". Moja ni ya jana, nyingine inakuonyesha njia ya kwenda kwa mtu. Na mtu akishatembea mpaka kwa Sista, wimbi limeshashuka.

Hapo ndipo nilielewa. Neno ni kama mpini. Mpini bila jembe haulimi, na jembe ni yule mtu anayekuja pamoja na neno. Wale wa Akron hawakuachiwa kibao ukutani wajisomee. Walikuwa na mwenzao ambaye angefungua mlango usiku wa manane.

MANENO YANAYOUA

Sasa nirudi kwetu, kwa maana maneno si ya kuponya tu. Sisi tuna misemo tunayowapiga nayo walevi kila siku. "Sikio la kufa halisikii dawa." "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." "Mlevi ni mlevi tu." Nimewasikia wazee wa heshima wakimwambia yaya hivyo, na mimi mwenyewe nilisema ile ya sikio, siku alipouza bati mbili za nyumba. Alininyamazia. Usiku ule alilala njiani.

Methali ni kama panga, inategemea nani ameshika na anaelekeza wapi. Kuna nyingine za kumshika mtu mkono. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: hiyo ni ya mtu aliyeacha miezi mitatu halafu akaanguka. Yule Ebby aliyemletea Bill habari njema, yeye mwenyewe alirudi kwenye pombe mara nyingi sana. Bill aliendelea kumwita mlezi wake, na Ebby alipofariki mwaka 1966 alikuwa hanywi. Koleo lilivunjika mara ngapi? Uhunzi haukuisha.

Na sisi ndugu wa mlevi tuna historia yetu. Mwaka 1951 Lois na mwenzake walianzisha kundi la familia, Al-Anon. Wao walijifunza mambo matatu juu ya ulevi wa mtu unayempenda: hukuusababisha, huwezi kuutawala, huwezi kuuponya. Mara ya kwanza niliposoma nilikasirika. Sasa ni afadhali nikae bure? Baadaye nikaona linaniondolea mzigo. Nilikuwa naamini yaya anakunywa kwa sababu alijichosha kwa ajili yangu. Nikawa namponya ili nilipe deni. Yeye alikuwa analiona hilo deni machoni mwangu kila asubuhi, ndani ya zile picha za jua.

SHERIA NA NJAA

Serikali nazo zina historia yake. Hapa Uganda sheria ya enguli ya mwaka 1965 ilikataza watu kupika pombe kali bila leseni, waliopewa leseni wakatakiwa kuuza kwa kiwanda cha serikali, na ndiko ilikotoka ile waragi ya chupa. Mapishi ya kificho hayakukoma. Mwaka 2019 vifuko vidogo vya plastiki vikapigwa marufuku. Vilipungua kweli, lakini mama muuza akahamia kwenye chupa ndogo, na kanyanga ya jerikeni inapita vilevile. Sheria inaweza kubadilisha chombo. Kiu ya mtu haiigusi.

A.A. wana msemo wa kumkagua mtu kiu inapomshika: jiulize, una njaa? Una hasira? Una upweke? Umechoka? Kwa mtu wa Chicago hayo manne yanaweza kuja siku moja moja. Kwetu yanaamka pamoja nasi. Tangu Aprili 2020 mgao wa chakula umekuwa ukipunguzwa, na kila mwenye kadi anajua sufuria yake inasemaje. Kwa hiyo tukimwambia mtu "usikate tamaa" wakati hajala tangu jana, tusishangae akicheka.

Lakini tusiseme pia kwamba maneno haya ni ya wazungu tu. Zanzibar, ambako vijana wengi waliharibiwa na unga, zipo nyumba za kupata nafuu watu wanaziita soba hausi. Ndani yake wanaoongoza wengi ni watu waliowahi kuwa mateja wenyewe, wanatumia zile hatua 12 na misemo ileile, kwa Kiswahili, na Waislamu wanaisali sala ile ya utulivu bila shida. Maneno yamevuka bahari kwa sababu yalibebwa na watu walionyeshewa.

FUNDI NA SWALI LAKE

Mtauliza, na yaya je?

Kwenye mtaa wetu kuna papa mmoja, fundi wa mbao. Jina silitaji. Alikunywa miaka mingi, wakubwa wanakumbuka. Aliacha zamani. Hajawahi kusoma habari za Bill wala Akron, nilipomsimulia alisikiliza tu akipiga randa. Nikamwomba amtembelee yaya. Akasema: "Sitamwambia kitu." Nikasema sawa, papa.

Alikwenda jioni, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza yaya neno moja: "Leo umekula?" Yaya akasema hapana. Wakaenda kwa fundi wakala ugali na sombe. Hakuna hotuba. Fundi akamsimulia tu jinsi yeye alivyouza mlango wa nyumba yake mwenyewe, wakati mvua inanyesha, na mke yuko ndani na kichanga. Yaya aliyeuza bati alisikia, akacheka mpaka akalia.

Kesho yake fundi akaja tena. "Leo umekula?" Ndiyo imekuwa kama salamu yao. Kituo cha afya kilimfuatilia kwa dawa mwanzoni, safari hii hakukata ghafla. Sasa jioni wako wanne pale chini ya turubai la fundi, na mmoja ni dada, mama wa watoto watatu, ambaye wengi hawakujua hata kama anakunywa. Hawana kibao. Hawana jina. Kiu ikimshika mtu usiku, anajua mlango wa kugonga.

Yaya ameanguka mara mbili tangu pale. Mara ya pili alikaa siku nne haonekani. Fundi hakumfuata na methali. Alipoonekana alimuuliza swali lilelile. Ninapoandika haya yaya hajanywa wiki kadhaa. Sihesabu siku kwa sauti, maana ameniambia nikihesabu namtisha. Anasema leo ni leo.

Na ule ukuta wetu bado upo, rangi imeanza kubanduka. Nimewaomba wenzangu tusiupake upya na maneno mapya. Pale palipoandikwa POMBE SI RAFIKI tumekubaliana tuandike tu saa ya jioni ambayo wale wanne wanakaa, na "karibu". Wao wenyewe wameruhusu, mradi majina yasiwepo.

Ndugu yangu, kama una mtu nyumbani anayekunywa, au kama ni wewe, usiache kutumia maneno. Lakini kabla hujatuma, jiulize kama na miguu yako itafika. Na kama wewe mvua ilishakunyeshea na ukapata pa kujikinga, tafadhali, wewe ndiye tunayekusubiri useme. Sisi wengine tupike.

Wiki ijayo zamu ni ya dada yetu wa Base Camp.